Kijana wangu ameingia skauti, eti mwanzilishi amezikwa Nyeri?

MamaTatu: Hamjambo wadau. Kijana wangu yuko gredi ya 6, juzi amerudi na skafu shingoni anasema sasa yeye ni Chipukizi, sasa mimi Chipukizi sijui ni nini manake tulipokuwa shule tulisikia tu skauti. Tena ananiambia mzungu aliyeanzisha skauti dunia nzima kaburi lake liko hapa hapa Kenya, Nyeri, nikadhani anatunga. Shida ni babu yake amekasirika sana, anasema hicho ni chama cha mkoloni mtoto aache. Sitaki kumkatiza mtoto kitu anachokipenda na mzee pia siwezi kumpuuza. Nisaidieni jameni.

Mwana_Nyeri: Hatungi dada. Huyo mwanzilishi, Baden-Powell, alikuwa jenerali Uingereza, 1907 akachukua vijana kama 20, wa matajiri na wa watu wa kawaida pamoja, akapiga nao kambi kisiwa cha Brownsea na skauti ikaanzia hapo. 1938 akiwa mzee amechoka akaja kukaa Nyeri na mkewe Olave, kwenye nyumba ndogo pale hoteli ya Outspan, wakaiita Paxtu manake nyumba yao ya Uingereza iliitwa Pax Hill. Akafariki 8 Januari 1941 akazikwa makaburi ya St Peter's. Mimi nimekulia hapa, ikikaribia 22 Februari, tarehe aliyozaliwa (na Olave alizaliwa tarehe hiyohiyo!), maskauti wanajaa mji mzima. Kwenye jiwe la kaburi kuna duara na nukta katikati, hiyo ni alama ambayo skauti huweka njiani kumaanisha nimeenda nyumbani. Olave alifia Uingereza 1977 na majivu yake yakaletwa hapo kwa mumewe. Nikiiona ile alama mpaka leo nasisimka.

Tikcha_K: Mama mimi ni kiongozi wa skauti shuleni. Wadogo kuanzia miaka 6 wanaitwa Sungura, halafu Chipukizi ndio huyo wako, kisha Mwamba wale wa sekondari, na Jasiri ni waliovuka 18. Wanagawanywa kwa patroli, watoto 6 mpaka 8 na kiongozi wao ni mtoto mwenzao, hapo ndipo kazi yote iko, mtu mzima anakaa pembeni. Utashangaa mtoto aliyekuwa haongei darasani anapanga wenzake nani aokote kuni nani apike.

Mzalendo_wa_Kisii: Na babu naye ana haki yake, tusimfiche. Skauti iliingia Kenya 1910 kwa ajili ya watoto wa Kizungu, na Waafrika walipoanza kuingia kupitia shule za misheni walitengwa, wazungu kivyao, Wahindi kivyao, Waafrika kivyao. Na huku sheria ya nne ya skauti inasema skauti ni ndugu wa kila skauti! Ni Waafrika wenyewe walioishikilia hiyo sheria na kudai heshima yao, kwa hiyo ukisema ni ya mkoloni peke yake unawanyang'anya hata hao wazee jasho lao. 1964, uhuru bado mbichi, Kenya ikaingia chama cha dunia kama nchi, leo mlezi wa skauti ni Rais, na 2010 vijana wa dunia walikuja kupiga kambi Rowallan hapo Nairobi.

MamaTatu: Asanteni sana. Nimemsomea babu yote mpaka hapo pa kutengwa, akanyamaza muda mrefu halafu akamwita mtoto amwambie hiyo sheria ya nne, mtoto akaisema bila kukwama. Babu akauliza kutoka kwetu mpaka Nyeri nauli ni pesa ngapi. Mwana_Nyeri, hiyo Februari tunaweza kuja hata kama sisi si maskauti? Na tikcha, shati la sare naweza kushonesha kwa fundi wa mtaani ama lazima ninunue?