Nyie mnaobadilisha majina ya muvi za zamani za King Majuto na kuandika "MPYA", mnatuibia bando

Wakuu, leo nimekereka sana na sitapunguza maneno.

Jana nimenunua bando kwa ajili ya bimkubwa, maana yeye kwa mchekeshaji wetu King Majuto humwambii kitu. Naingia YouTube nakuta KING MAJUTO FULL MOVIE MPYA kwa herufi kubwa, picha ya mbele Majuto kakaa na mchekeshaji mwenzake Sharo Milionea, nikashusha yote. Hata dakika kumi hazijaisha mama akasema hii si ile tuliyokuwa tunaangalia kwa CD wewe ukiwa la tano? Na kweli ndo ile ile, jina tu limebadilishwa, kipande cha mwanzo chenye majina ya waigizaji kimekatwa, na Sharo tumemsubiri mpaka mwisho hayumo kabisa!

Jamani Mzee Amri Athumani, ndo King Majuto mwenyewe, amefariki Agosti 8, 2018 pale Muhimbili, na Sharo alishatangulia Novemba 2012 kwa ajali kule Muheza, sasa hiyo mpya mmeirekodi lini na nani? Kumtumia marehemu kama chambo ni kumkosea yeye na familia yake.

Na nieleweke, sina shida na muvi ya zamani, mimi weka jina lake lile lile, weka mwaka, nitaangalia hata mara ya ishirini. Kinachoniuma ni kwamba jina likishabadilishwa ile kazi ndo imepotea hivyo. Kuna moja mama anaikumbuka kwa jina, wiki nzima naitafuta siioni na nina uhakika ipo humo humo imefichwa kwenye jina la uongo. Wale wasanii wadogo wa Tanga waliocheza na mzee, dairekta, mshika kamera, nani atawajua tena kama majina yao yamekatwa?

Mchezo wenyewe wa siku nyingi. Wahongkong walimchukua N!xau, yule mwigizaji wa muvi ya The Gods Must Be Crazy, wakatoa Crazy Safari 1991, ikauzwa kama namba tatu ya muvi hiyo, unaweka unakuta maiti ya Kichina inarukaruka porini Afrika. Ila hao angalau N!xau alikuwemo kweli, nyie mnaweka sura ya mtu ambaye hayumo!

Mwenye kava za zamani, CD au hata kanda, naomba apige picha mbele na nyuma aweke hapa, majina ya waigizaji yasomeke.