Kausha damu ikipigwa marufuku kesho, kodi ya miezi sita tutailipa na nini?

Wadau, salaam. Mjadala wa kausha damu, yaani mikopo ya mtaani ya riba kubwa, umeshika moto tena huku mitaani Dar, kuanzia vijiwe vya kahawa Buguruni hadi vikao vya vikoba (vikundi vya kuweka na kukopeshana) Mbagala. Upande mmoja unataka serikali ifunge ofisi zote za mikopo umiza, bila kumwangalia mtu usoni. Upande wa pili unasema kosa ni la mkopaji mwenyewe: hana bajeti, anakula chipsi kuku na kubeti, mwezi ukikata anakimbilia mkopo halafu analia. Mimi naona wote wanalikosa tatizo lenyewe. Naomba mnisome hadi mwisho kabla ya kunirukia.

Nianze na hao wa bajeti. Kasimameni dukani kwa Mangi saa kumi na mbili jioni, mtaa wowote wa Temeke au Kigogo, mwangalie watu wananunua nini. Mafuta ya kupima ya mia tano. Sukari robo. Nyanya fungu moja na kitunguu kimoja. Umeme wa elfu mbili, na humo humo kwenye LUKU inakatwa kodi ya jengo ya kila mwezi, ambayo mpangaji anaibeba ingawa nyumba si yake. Mama aliyeachiwa elfu kumi mezani ana watoto wanne wa kulisha asubuhi, mchana na usiku. Anachemsha maharage ya siku mbili kwa moto mmoja ili kopo la mkaa lifike keshokutwa. Kiporo cha ugali kinakuwa chai ya asubuhi. Nyama robo ilishahamia kwenye utumbo, na utumbo nao umepisha miguu na shingo za kuku. Baba anapanda gari moja badala ya mawili, anashuka Buguruni na kumalizia kwa miguu hadi Kariakoo, kwa sababu Desemba 2023 nauli ya daladala kwa safari fupi ilipanda hadi 600, na kwa bei hiyo magari mawili kwenda na kurudi ni 2,400. Hapo mtu hajanywa hata maji.

Huyo ndiye mnayetaka kumpelekea semina ya elimu ya fedha? Watu hawa wamepitia mafuta ya magari kuvuka shilingi 3,000 kwa lita mwaka 2022, wakapitia sukari kuadimika mwanzoni mwa 2024, na bado watoto walikula. Hesabu ya kila siku wanaijua kuliko wengi wetu. Wapo wanaobeti, sikatai, na wapo wanaokunywa hela ya watoto. Lakini hao hawawezi kuwa maelezo ya mtaa mzima wenye madeni.

Kinachowavunja ni hela ya mkupuo.

Chukueni chumba kimoja cha 50,000 kwa mwezi. Ni chumba cha kawaida, cha kupanga uani, choo cha kuchangia. Mwenye nyumba anataka miezi sita, yaani 300,000, na kama unahamia upya dalali naye anataka ya mwezi mmoja juu yake. Kaya inayoishi kwa hela ya siku ina uwezo wa kutoa 50,000 kila mwezi. Inajibana, inaruka kitoweo, lakini inatoa. Laki tatu kwa siku moja haina. Sasa inakwenda kukopa laki tatu kwa riba ya asilimia 30 kwa mwezi, ambayo kwa wakopeshaji wa mtaani wala haishangazi mtu. Itarudisha 390,000. Ukigawa kwa siku 30 ni 13,000 kila siku, nyumba ambayo mezani inaacha elfu kumi. Rejesho limekuwa kubwa kuliko chakula! Hapo hakuna bajeti duniani itakayokuokoa. Utakopa kwa mwingine ulipe wa kwanza, na wiki ya tatu una wakopeshaji watatu. Na riba ile ya 90,000 peke yake ni karibu kodi ya miezi miwili. Maskini analipa kodi ya karibu miezi minane ili alale miezi sita.

Januari nayo ina mkupuo wake. Elimu bila ada ilianza 2016 na imesaidia sana, nani atabisha, ila sare, viatu, madaftari na michango ya hapa na pale vinakuja wiki moja. Ugonjwa ndio usiseme.

Wanaotaka marufuku wanasahau kwamba sheria ipo. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ni ya mwaka 2018. Mkopeshaji asiyepokea amana, yaani asiyetunza akiba za watu, anatakiwa awe na leseni ya Benki Kuu, na riba yake isizidi asilimia 3.5 kwa mwezi. Pigeni hesabu kwa laki tatu ile ile: riba ya mwezi ni 10,500, siyo 90,000. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majina ya programu 69 za mikopo ya simu zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Nililifurahia tangazo lile, kwa sababu programu hizo zilikuwa zinamdhalilisha mtu hadi kwa mkwewe. Ukichelewa siku moja, kila namba iliyo kwenye simu yako inatumiwa ujumbe kwamba wewe ni tapeli. Lakini huku kwetu waliozikimbia hawakuacha kuhitaji hela. Walirudi kwa mkopeshaji wa kona, mwenye daftari na pikipiki, asiye na jina kwenye orodha yoyote.

Na huyo wa kona mimi namwona kazini. Siku ya rejesho kina mama wanakaa kwenye mkeka nyuma ya nyumba ya mwenyekiti wao wa kikundi, mkopeshaji kakaa kwenye kiti cha plastiki. Hela ya mmoja ikipungua, hakuna anayeondoka. Wanachangishana elfu mbili mbili hadi itimie, watoto wanarudi shule mlango umefungwa, chungu hakijabandikwa. Yule aliyeshindwa anainama tu. Fomu aliyosaini imeorodhesha vitu vya ndani kimoja kimoja: televisheni, sabufa, kitanda cha tano kwa sita, mtungi wa gesi pamoja na jiko lake. Nimeona mtungi wa gesi unabebwa juu ya pikipiki huku maharage yakiwa hayajaiva. Kinachoniuma zaidi, fomu kama hizo nyingi nilizoonyeshwa zina muhuri wa serikali ya mtaa. Ofisi ambayo huyu mama angeikimbilia kulalamika ndiyo iliyoshuhudia akiweka rehani kitanda cha watoto wake. Kama kuna kitu cha kukomesha kesho asubuhi bila kusubiri Bunge, ni muhuri huo kwenye fomu ya mkopeshaji ambaye hajaonyesha leseni.

Sasa, ukiacha kausha damu, mtu aliyekwama Dar anaomba msaada wapi? Kuna TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii wa serikali, ambayo inanusuru kaya maskini sana, na kaya hupatikana kwa kuibuliwa na jamii yenyewe. Fundi wa kutembeza cherehani mwenye wateja wake wawili watatu kwa siku haibuliwi, na sidhani kama ni haki amtangulie bibi asiye na mtu. Kuna mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri, nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu, haina riba. Ilisimamishwa 2023, ikarudi 2024. Nzuri, lakini inataka kikundi kilichosajiliwa na mradi wa biashara, halafu usubiri mchakato. Mwenye nyumba aliyekupa hadi Ijumaa hasubiri mchakato. Hospitalini kuna ofisi ya ustawi wa jamii inayoweza kumsamehe gharama asiyejiweza, na hili nalisema kwa msisitizo kwa sababu wengi wanauza simu na redio bila kujua ofisi hiyo iko jengo lile lile. Ulizeni, jamani. Kuuliza si aibu.

Kinachobaki ni ndugu, na ndugu wamechoka. Kwenye kundi la ukoo mtu akiandika "nina shida kidogo", wote wanasoma, hakuna anayejibu. Siwalaumu wote, maana wengi nao wanadaiwa. Ila kuna jambo moja nitalisema hata kama litawaudhi. Ukoo huo huo ukipata harusi unakusanya milioni kadhaa ndani ya miezi mitatu. Kadi ya singo 50,000, ya dabo 100,000, mtu anakumbushwa kila Jumapili hadi anatoa. Hela hizo zinatoka wapi? Zinatoka kwa watu wale wale ambao shemeji yao katolewa vyombo nje. Harusi ina kamati, ina mweka hazina, ina daftari la ahadi na tarehe ya mwisho. Mwenye shida ana ujumbe wake mmoja tu kwenye simu. Sisemi tuache harusi. Nasema ukoo unaoweza kuendesha kamati ya sherehe hauwezi kuniambia hauwezi kuwa na mfuko wa elfu tano kwa mwezi kwa ajili ya kodi na matibabu, ukiwa na mweka hazina yule yule mkali.

Vikoba vimeshalijibu hili zamani. Kikoba kizuri kina hisa, na pembeni kina mfuko wa jamii: kila kikao mnaweka elfu moja au mbili, mwenzenu akiuguliwa au akifiwa anapewa bila riba, na pengine bila kurudisha. Vikundi hivi sheria ya 2018 inavitambua, ni daraja la nne la watoa huduma ndogo za fedha. Udhaifu wake ni kwamba mfuko ni mdogo, na Desemba wengi wanavunja kikoba na kugawana kila kitu, halafu Januari, mwezi mgumu kuliko yote, hakuna akiba hata ya kumsaidia mmoja. Ningependa kuona vikoba vinagawana hisa lakini mfuko wa jamii unabaki, na ningependa halmashauri zetu, badala ya kungoja miradi ya ufugaji kuku kutoka kwa watu wanaoishi chumba kimoja, zitenge fungu la kuongezea mifuko hiyo. Hela ndogo, ya haraka, inayotolewa na watu wanaokujua kwa jina. Mkopeshaji wa kona anashinda kwa haraka yake, na huwezi kumshinda kwa kumpa mtu fomu ya kurasa kumi.

Lakini haya yote ni kuziba. Penye kuvuja ni kodi. Tulikuwa na Sheria ya Kudhibiti Kodi za Pango ya mwaka 1984, ikafutwa 2005, na tangu hapo mpangaji wa Dar na mwenye nyumba wake wameachwa wapatane wenyewe. Kupatana gani, wakati mmoja ana ufunguo na mwingine ana godoro barazani? Simtetei mtu anayetaka serikali ipange bei ya kila chumba. Tukifanya hivyo watu wataacha kujenga, na mji huu bado unahitaji vyumba. Nataka jambo moja tu liwekwe kwenye sheria: mwenye nyumba ya kuishi asiruhusiwe kudai zaidi ya mwezi mmoja mbele, pamoja na amana ya mwezi mmoja. Basi.

Najua wenye nyumba mtanijibu, na hoja zenu nimezisikia. Mnasema mpangaji wa mwezi kwa mwezi anahama usiku na deni la maji. Mnasema wengi wenu si matajiri, ni wastaafu na wajane wenye vyumba vinne vya uani, na laki tatu za mkupuo ndizo zinazowapa mabati ya kumalizia chumba cha tano au ada ya mtoto chuoni. Hoja ya pili naiheshimu kabisa, kwa sababu ina maana nanyi mnabanwa na mkupuo kama sisi. Lakini angalieni mnachofanya: mnaukimbia mkupuo wenu kwa kumtwisha mtu mwenye kipato kidogo kuliko chenu, naye anaununua kwa asilimia 30. Na kwa anayehama usiku, amana ipo, mkataba ulioandikishwa serikali ya mtaa upo, na mdhamini mnaweza kumdai. Huko ndiko muhuri wa mtaa ungefanya kazi ya maana.

Kuna mwenye nyumba mmoja Yombo ninayemfahamu anayepokea kodi kila tarehe tano kwa simu, vyumba sita. Anasema kuchelewa kupo, mara wiki, mara siku kumi, ila chumba chake hakikai wazi hata mwezi, na wapangaji wake hawahami. Nataka kujua kama yuko peke yake. Wenye nyumba mliojaribu kupokea kwa mwezi, mliumizwa kiasi gani, na na nani? Wapangaji, mara ya mwisho mlipolipa miezi sita hela ilitoka wapi: akiba, mchezo, ndugu, au kausha damu? Na wewe unayetaka tufunge ofisi zote kesho, niambie mama aliyepewa na mwenye nyumba hadi Ijumaa aende mlango upi.