Tupeane uzoefu: mtu usiyemjua aliyekutendea wema ukashindwa kuusahau

Mleta uzi

Wakuu, habari za muda huu.

Jana nilikuwa napanga kabati, nikautoa mwavuli mweusi ambao waya wake mmoja umekatika na mpini umechubuka. Mke wangu akauliza, "Huu bado hujautupa tu?" Nikajikuta nimekaa kitandani namsimulia jambo ambalo kumbe sikuwahi kumwambia.

Miaka 11 iliyopita nilikuwa na usaili saa 3 asubuhi. Nashuka tu kwenye basi, mvua ikamwagika kama bomba limepasuka. Vyeti vyangu vyote vimo kwenye bahasha ya kaki, na kutoka kituoni hadi ile ofisi ni mwendo wa dakika 10 kwa miguu. Nikajibana kibandani, bahasha nimeisokomeza ndani ya shati. Mzee mmoja akaja kusimama kando yangu. Hata usoni hakunitazama, alikuwa anatazama shati lilivyotuna.

"Hivyo ni vyeti?"

"Shikamoo mzee. Ndiyo, ni vyeti."

Akanishikisha mwavuli. Nikamuuliza, na wewe je? Akasema, "Mimi narudi nyumbani. Nikilowa nitabadilisha nguo. Wewe hivyo vikilowa utabadilisha nini?" Akaingia mvuani taratibu, mikono mgongoni, kama mtu anayekagua shamba lake.

Kazi yenyewe sikupata, tusidanganyane. Ila wiki nzima nilikuwa napita kituo kile saa ileile na mwavuli mkononi, jua linawaka, watu wananishangaa. Sikumwona tena.

Haya, tiririkeni. Masharti mawili tu: awe mtu usiyemjua kabisa, siyo shemeji wala bosi. Na utuambie kama ulibahatika kumshukuru.

Mama Wawili

Umenikumbusha mbali. Mwanangu wa kwanza alikuwa na miezi 9. Tuko ndani ya basi, nimempakata, mara nikahisi amekuwa mzito kwa namna ambayo siwezi kuieleza. Kumwangalia, mdomo uko wazi, macho yamemtoka, sauti hakuna. Wengi tunadhani mtoto aliyekabwa atakohoa au atalia. Anayekohoa bado ana njia ya hewa. Wangu alikuwa kimya kabisa.

Nikapiga kelele. Basi zima likawa daktari: "Mpe maji!" "Mtie kidole!" "Mpulizie utosini!" Ndipo kijana mmoja akatoka viti vya nyuma, hata sijui alipitaje kati ya watu. Akasema, "Mama, nipe." Nikampa. Hebu fikirini, mtoto wangu, mtu simjui, nikampa.

Akamlaza kifudifudi juu ya mkono wake, kichwa kikiwa chini kuliko makalio, taya amelishikilia kwa vidole. Akampiga katikati ya mabega kwa sehemu ya chini ya kiganja, mara 5, na hakuwa anapapasa, alikuwa anapiga. Kimya. Akamgeuza chali, akaweka vidole viwili katikati ya kifua, akabonyeza mara 5. Akachungulia mdomoni. Jirani yangu akanyoosha mkono aingize kidole, yule kijana akamwambia bila kupandisha sauti, "Usiingize, utakisukuma ndani." Akarudia duru ya pili. Kwenye pigo la tatu kikaruka kifuniko cha kalamu, na hapo ndipo nikasikia kilio. Sijawahi kufurahia kilio namna ile.

Akanirudishia mtoto, akajifuta mate kwenye mkono wa shati, akasema, "Mpeleke hospitali akaangaliwe hata kama anacheka." Kituo kilichofuata akashuka. Mimi bado nalia, shukrani gani hapo? Ninachokumbuka ni kwamba shati lake lilikosa kifungo cha pili kutoka juu. Sura imenitoka, kifungo kimebaki.

Baadaye nilikwenda kujifunza huduma ya kwanza. Mkufunzi alipofika kwenye mtoto wa chini ya mwaka mmoja, akafundisha vilevile, 5 mgongoni, 5 kifuani, na akasisitiza kuwa mtoto wa umri huo habonyezwi tumbo kama mtu mzima. Nikatoka nje kidogo, wenzangu wakadhani naumwa.

Mgumu

Mimi kuna mgeni alinifanyia wema stendi, akanilindia begi nikapata usingizi mzuri sana. Nilipoamka, yeye hayupo na begi halipo. Huyo ndiye sijamsahau.

Mleta uzi

Pole mkuu, lakini huo ni uzi mwingine, ufungue tuje kukupa pole huko. 😂

Baba Doto

Wangu sijui hata ni mwanaume au mwanamke.

Mke wangu alijifungua pacha, na mimba ya pacha ina hatari kubwa zaidi ya kutokwa damu nyingi baada ya uzazi. Hilo nililijua siku hiyohiyo, tena kwa kusikia miguu ya wauguzi ikikimbia koridoni. Aliongezewa chupa 4. Niliporuhusiwa kuingia nilikaa pembeni ya kitanda, na kwa kuwa sikuwa na ujasiri wa kumtazama usoni, nikawa natazama ile mifuko ya damu. Kila mmoja una karatasi: kundi la damu, namba, tarehe ya kutolewa, tarehe ya mwisho wa matumizi. Jina hakuna.

Nikamuuliza muuguzi, akanieleza kwamba mfuko mmoja una kama mililita 450, na kwamba damu ile ikitunzwa kwenye baridi inayotakiwa hukaa siku 35 hadi 42 kutegemea dawa iliyowekwa kwenye mfuko, baada ya hapo inamwagwa. Nikarudi kwenye ile tarehe nikahesabu. Siku 19 nyuma. Siku 19 nyuma mimi nilikuwa nimejilaza kwenye kochi natazama mpira, na mahali fulani mtu alikuwa amekunja mkono wa shati anatoa damu ya mke wangu, na yeye hajui, na mimi sijui, na mke wangu mwenyewe anacheka jikoni.

Utamshukuru vipi mtu ambaye ni namba? Tangu hapo nachangia damu. Wanaume tunaruhusiwa kila baada ya miezi 3, wanawake 4. Sindano naiogopa vilevile, natazama ukutani mpaka waniambie tumemaliza. Pacha wana miaka 7 sasa na wanagombana kuanzia alfajiri.

Kalamu Butu

Mleta uzi, hilo la mzee wako kutembea taratibu nimeling'ang'ania. Mwaka 1973 watafiti wawili, Darley na Batson, walichapisha jaribio walilofanya Princeton, Marekani, kwa wanafunzi 40 wa seminari. Kila mmoja alitakiwa aende jengo la pili kutoa hotuba fupi, wengine mada yao ikiwa ileile ya Msamaria Mwema. Njiani wakamweka mtu amejikunyata mlangoni, anakohoa na kugumia. Walioambiwa bado wana muda, asilimia 63 walisimama kusaidia. Walioambiwa wamechelewa, 10. Na kwenda kuhubiri Msamaria Mwema hakukuleta tofauti ya maana, wengine ilibidi wamruke mgonjwa ili wawahi.

Kwa hiyo nikisoma hadithi zenu sijiulizi nani ana roho nzuri. Najiuliza nani siku hiyo hakuwa anakimbia.

Mama Wawili

Kijana wangu wa basi alishuka mbiombio kama mtu aliyechelewa. Hao maprofesa wamtafutie kundi lake.

Kalamu Butu

Hapo umenikata, mama. Yumo kwenye zile 10.

Msomaji Kimya

Huwa nasoma tu, leo nimeshindwa kujizuia. Nilipigiwa simu ya msiba wa baba nikiwa ndani ya basi. Nilikata simu nikabaki nimeishika. Dada aliyekaa karibu yangu hakuniuliza kitu, hata pole hakusema. Alichukua mfuko wangu uliokuwa unateleza magotini, akauweka kwenye mapaja yake pamoja na wa kwake, akatazama mbele. Tukaenda hivyo karibu saa nzima, mimi nalia kwa kificho, yeye ameshika mifuko miwili.

Tukafika mwisho wa safari. Akanipa mfuko wangu, nikashuka. Nikiwa nimesimama pale chini sijui nielekee wapi, nikamsikia nyuma yangu anamuuliza kondakta kwa sauti ya chini kama kuna gari la kurudi muda ule, kwa sababu kituo chake tulikipita zamani.

Nilitaka kugeuka. Sikugeuka.

Mgumu

Huu uzi unanitoa machozi na mimi nilikuja kufanya utani. Mleta uzi, hoja moja: mwavuli umekaa kabatini miaka 11 wa nini? Si ungeshampa mtu siku ya mvua?

Mleta uzi

Nilijaribu mara mbili, mkuu. Ya kwanza ni binti wa shule, akakimbia akidhani nina nia mbaya, simlaumu. Ya pili nilikuwa nimeshaunyoosha mkono, nikaurudisha mwenyewe. Leo nimeupeleka kwa fundi akaunge waya. Amesema nipitie kesho jioni.