Naomba ushauri: rangi nyeusi inabanduka vipande vikubwa kwenye DL-44

Wakuu, habari za kazi.

Nina nakala ya DL-44, bastola ya Han Solo wa filamu za Star Wars, imechapwa kwa printa ya 3D, plastiki ya PLA. Kama mjuavyo, ile ya asili ilijengwa juu ya Mauser C96, bastola halisi ya Kijerumani, kwa hiyo nataka ionekane chuma cheusi kilichochubuka kingo kwa kuingia na kutoka kwenye ala.

Nilipiga msasa namba 220, kisha 400 wa maji. Praima mikono miwili (tabaka mbili), rangi nyeusi ya kung'aa, halafu rangi ya alumini. Baada ya saa 24, spreyi ya nywele mikono miwili (ili nyeusi ya juu ichubuke kwa maji), dakika 20 ikauke, kisha akriliki nyeusi isiyong'aa. Nusu saa baadaye nikailowesha kwa maji ya uvuguvugu na kusugua kwa mswaki.

Kwenye kingo za mtutu imetoka safi, vidoa kama punje za chumvi. Ubavuni, palipo bapa, likabanduka ganda la ukubwa wa kucha ya kidole gumba! Nikarudia kwa mkono mmoja wa spreyi: nyeusi ikagoma kutoka, mswaki ukaanza kula alumini.

Je, kosa ni wingi wa spreyi au unene wa nyeusi? Au ubavuni niachane na spreyi, nidonoe alumini kwa sponji?

La pili: vanishi isiyong'aa inaua mng'ao wa alumini. Nipake unga wa penseli juu ya vanishi kuurudisha? Nahofia utahamia vidoleni.