Dizeli inagonga asubuhi: setani ndogo au maji?

Swali: Wakuu, Hilux D-4D inagonga na kutoa moshi mweupe nikiiwasha asubuhi, ikipata moto inatulia. Ni mafuta?

FundiPampu: Huenda, mkuu. Setani, yaani kipimo cha wepesi wa dizeli kuwaka, ikiwa chini, mafuta yanachelewa kuwaka, kisha yanalipuka kwa mkupuo. Ndio mlio huo. Ulaya kiwango cha chini ni 51, Marekani 40. Ila pima kwanza plagi za kupashia moto.

Mdau: Chota nusu lita ya dizeli kwenye chupa angavu, iache usiku kucha. Maji yatakaa chini. Ikinuka mafuta ya taa, usiitumie kabisa! Hayalainishi vya kutosha. Pampu na nozeli zitakwaruzika.

FundiPampu: Na ulegeze koki chini ya filta, umwage maji. Petroli usichanganye, inashusha setani zaidi.