Wakuu, mtetemo wa naitrojeni unapotelea wapi kwenye Cv?

kelvini_sifuri: Habari wakuu. Nasoma fizikia mwaka wa tatu, mtihani wa thamodinamiki ya takwimu unakaribia. Tumefundishwa kila digrii ya uhuru (njia moja ya molekuli kubeba nishati) hubeba ½kT, k ikiwa namba thabiti ya Boltzmann na T halijoto. Naitrojeni ina tatu za kusafiri, mbili za kuzunguka, mbili za mtetemo: Cv (nishati ya kupandisha moli moja kelvini moja, ujazo ukibaki uleule) ingekuwa 7/2 R, R ikiwa namba thabiti ya gesi, yaani 29.1 J/(mol·K). Vipimo vinatoa 20.8. Kitabu kinasema mtetemo hauhesabiwi kwenye joto la kawaida, kinaendelea na mengine. Kwa nini? Naombeni mnieleweshe.

MtuWaPwani: Kariri tu mkuu. Atomu moja 3/2, atomu mbili 5/2.

mama_entropia: Asikariri, hapo ndipo utamu wote ulipo. Maxwell mwenyewe mwaka 1860 nadharia yake ilimpa uwiano wa Cp (kama Cv, ila kanieneo ndiyo inabaki ileile) kwa Cv wa 1.333, vipimo vya hewa vikasema 1.408, na hakuwa na jibu. Kanuni ya ½kT inadai nishati iweze kupokelewa kidogo kidogo upendavyo. Mtetemo haupokei hivyo. Unachukua hν nzima (h ni namba thabiti ya Planck, ν ni masafa ya mtetemo) au hauchukui. Kwa naitrojeni, hν ukiigawa kwa k unapata kama kelvini 3,370. Chumbani una 300. Uwiano ni 11.2, na e⁻¹¹·² ni karibu 0.000014. Molekuli kama 14 tu katika milioni zimepanda ngazi ya kwanza! Ukiongeza joto kidogo, mtetemo haupokei chochote cha maana. Kuzunguka kipimo chake ni kelvini 2.9 tu, ndiyo maana kunahesabiwa kikamilifu.

kelvini_sifuri: Shukrani sana dada. Je, mtetemo unaingia ghafla ukifika 3,370?

Ngazi_na_Z: Hapana, unaingia polepole. Andika jumla ya hali, Z = Σe^(−E/kT), kwa ngazi za mtetemo, tafuta nishati ya wastani kisha tafuta inavyobadilika kwa T (derivative). Kelvini 1,000 utapata nyongeza ya 0.42 R, kwenye 3,370 ni 0.92 R. Fanya kwa mkono usiku huu, usiangalie majibu. Ukimaliza geukia hidrojeni: mzunguko wake una kipimo cha kelvini 85 hivi, kwa hiyo ukiipoza hadi 50 hata kuzunguka kunajitoa na Cv inashuka karibu na 3/2 R. Usisahau kutenganisha orto na para (aina mbili za hidrojeni: spini za viini vyake zikielekea pamoja au zikipingana), uwiano 3 kwa 1, la sivyo mchoro wako hautalingana na vipimo.