"Chuo si daladala!" Huyu wa dirisha la uhamisho atatutoa roho

Mkaazi_Mwera:
Jamani, mnamjua. Sina haja ya kumtaja. Kila aliyeshika fomu ya kuhama chuo kisiwani hapa anamjua, na muhuri wake anaouficha kama dhahabu ya bibi harusi. Leo kaja kijana kutoka Pemba, boti usiku kucha, bahasha kaikumbatia kifuani. Akamwambia mbele ya foleni nzima: "Chuo si daladala, ushuke hapa upande pale."

Daladala! Mtoto wa watu hakuomba lifti. Kuhama kuna utaratibu wake, unasimamiwa na TCU, ile Tume ya Vyuo Vikuu, bara na visiwani, na muda wake ukitangazwa ukapita, umepita. Kijana ana barua ya chuo anachotoka, barua ya chuo kinachompokea, matokeo ya mwaka wa kwanza na silabasi ya kila somo. Umebaki muhuri mmoja. Mmoja! Anaambiwa daladala.

Yakhe_wa_Chukwani:
Hasira nyingi, maelezo haba. Hizo silabasi zimeandikwa krediti, yaani uzito wa kila somo? Mwaka mzima ni krediti 120, na krediti moja ni saa 10 za kazi. Jina la somo kufanana si hoja. Somo la krediti 8 halizibi pengo la krediti 12, na mada zikipishana analisoma upya.

Mkaazi_Mwera:
Zimeandikwa! Kila ukurasa una muhuri wa idara! Na bado kaambiwa DALADALA, watu wanasikia!

Binti_Wete:
Shekhe, daladala tushaisikia, ishafika Darajani na kurudi. Mimi linalonichoma ni mkopo. Mkopo hauhami wenyewe! Jina linabaki kwenye orodha ya chuo cha zamani mpaka uhamisho uthibitishwe, na chuo kipya kinataka ada ndipo kisajili. Siku ya kusaini fedha mwanafunzi anatazama wenzake tu. Siku ya kwanza kabisa aende kwa afisa mikopo wa chuo kipya na barua ya uhamisho, asingoje kuitwa.

Kijana_wa_Mkoani:
Afisa mikopo atafanya nini ikiwa chuo cha zamani hakijamwachia kwenye mfumo wa udahili? Ukiingiza namba yake ya mtihani wa kidato cha nne, mfumo unasema huyu ana chuo tayari. Barua ya karatasi haifungui kitu pale. Lazima ofisi ya udahili ya kule imtoe, na kule simu inaita mpaka inachoka.

Yakhe_wa_Chukwani:
Namba ni nusu ya balaa. Nusu ya pili majina. Cheti cha kuzaliwa Khamis, cha kidato cha nne Hamisi, kwenye barua Hamis. Mtu mmoja anageuzwa watatu!

Binti_Wete:
Usinitoneshe! Saleh na Salehe pia. Hati ya kiapo kwa wakili, picha, fotokopi, halafu waseme kiapo kimetaja majina mawili na vyeti vina matatu. Kiapo kitaje kila tahajia iliyomo kwenye kila karatasi, ndipo kipokelewe.

Mkaazi_Mwera:
Na yule wa dirishani je? Daladala je?

Kijana_wa_Mkoani:
Ngoja kwanza. Mwanakhamis inaandikwa neno moja au mawili? Maana wakili wa huku kaandika mawili.